Mashine ya baba, mpira wa mafuta na babu wa Bweni

Ilikuwa inawaka, mashine yetu ya boti. Hilo ndo lilikuwa linatuchanganya wote, maana mashine iliyokufa unajua imekufa, unaishusha unaenda kutafuta nyingine, lakini hii asubuhi ukivuta kamba mara ya pili mara ya tatu inaitika, inakaa sailensi, yaani inaunguruma polepole bila kufungua mafuta, vizuri kabisa, unatoka nayo mtoni inaenda, unaanza kusema leo imepona. Ukishafika nje ukafungua mafuta yote, dakika kumi, kumi na tano, inaanza kulegea. Inakohoa. Inashuka mpaka inazima. Unakaa, unavuta kamba, inawaka tena kama haijatokea kitu.

Ni mashine ya nguvu farasi 15, Yamaha Enduro ile ya tu-stroki, silinda mbili, kabureta moja, ambayo marehemu baba aliinunua mtumba mwaka 2003 na ndo iliyotusomesha mimi na wadogo zangu. Mimi nafanya kazi Tanga mjini, boti anaitumia Ba'mdogo pale Pangani, na nikienda wikiendi naingia naye baharini. Kwa hiyo naandika kama mtu aliyekuwemo, sio fundi. Ila nimekaa na hii mashine miezi miwili mfululizo, nimejifunza vitu ambavyo natamani ningevijua kabla hatujatupa hela.

Siku iliyonifanya niseme basi ilikuwa Januari, kaskazi imeshika. Wanaoijua Pangani wanaujua mlango wa mto, lile fungu la mchanga pale nje, maji yakiwa yanakupwa mto unatoka kwa nguvu, upepo wa kaskazi unasukuma mawimbi yanaingia, vikikutana pale juu ya fungu mawimbi yanavunjika. Ukiwa na mashine nzima unachagua wimbi lako unapita. Sisi tulikuwa tunarudi saa tisa mchana, samaki kiasi, Ba'mdogo yuko tezi kashika mkono wa mashine, mimi niko katikati, na pale pale mahali ambapo haitakiwi kuzima ikaanza kulegea. Boti ikageuka ubavu. Wimbi la kwanza likatuingilia. Ba'mdogo akanipigia kelele shika kasia, na mimi badala ya kasia mkono ukaenda kwenye ile pampu ya mkono, kile kipira cha kubonyeza kwenye mpira wa mafuta, nikabonyeza kwa hofu tu, mashine ikanguruma. Nikaacha, ikalegea. Nikabonyeza tena, ikaamka. Nikabonyeza hivyo hivyo bila kupumzika mpaka tunapita pantoni, vidole vimekufa ganzi, na tulivyofunga kamba Ba'mdogo akakaa kwenye mchanga hakusema neno kwa muda mrefu, na yeye si mtu wa kunyamaza.

Sasa angalia. Jibu nusu nilikuwa nimeshalishika mkononi siku ile, na sikulijua.

Kabla ya hapo tulikuwa tumepita kwa mafundi watatu. Wa kwanza akabadilisha plagi zote mbili, akachukua hela yake, ikaenda vizuri siku mbili. Wa pili akasema koili, tukanunua koili, kipuri cha kutumwa kutoka Dar, hali ile ile. Wa tatu aliisikiliza ikiwa juu ya pipa dakika mbili, akasema hii pistoni imekwisha, nunueni nyingine, na akawa na nyingine ya kutuuzia. Jumla ilishapita laki tatu na nusu na hakuna hata mmoja aliyefungua kifuniko cha tangi akaangalia ndani. Hakuna aliyetuuliza inazimaje. Hili bado linaniuma kwa sababu mvuvi hana laki tatu ya kubahatisha, hiyo ni ada, hiyo ni nyavu, na fundi anayebadilisha kipuri bila kupima hajatengeneza kitu, anacheza bahati nasibu kwa hela ya mwenzake.

Ba'mdogo ndo akakumbuka kuna babu ng'ambo ya mto, Bweni, alikaa na mashine za boti toka ujana, sasa mgongo haumruhusu kunyanyua vitu lakini watu wanamwendea. Tukapanda pantoni.

Shikamoo babu, marahaba wajukuu zangu, tukakaa kwenye mkeka. Nikaanza kumweleza habari za koili na pistoni, akaninyamazisha kwa mkono. Akasema vipuri niachie, niambie yenyewe inafanyaje. Akauliza maswali kama saba hivi na nitayakumbuka yote. Inakata ghafla kama kamba iliyokatwa na kisu, au inaisha taratibu kama taa ya kandili? Taratibu. Inatokea ikiwa baridi au ikishapata moto? Ikiwa sailensi inazima? Haizimi. Ukipunguza mafuta nusu inaendelea? Inaendelea, nikamwambia, ukienda polepole inaweza kukufikisha. Ukivuta choki kidogo? Ba'mdogo akasema ndio, siku hizi naendesha na choki nusu, inapata nguvu. Babu akamwangalia vibaya sana. Halafu akauliza: ukibonyeza pampu ya mkono? Nikamwambia habari ya fungu.

Akasema, mashine yenu ina njaa.

Akatufafanulia, na hapa nataka niliandike vizuri kwa sababu ni kitu kinachookoa hela. Tatizo la moto, yaani umeme wa plagi, mara nyingi linakata ghafla, ipo haipo. Tatizo la mafuta linalegea, maana kile kibakuli cha kabureta kina akiba kidogo, mashine inakula ile akiba mpaka iishe. Ndo maana ikiwa polepole inavumilia, inakula kidogo, njia iliyoziba inatosha. Ukifungua yote inataka nyingi, njia haitoshi, kibakuli kinakauka. Ukibonyeza pampu ya mkono unailisha kwa nguvu, inaamka. Ukivuta choki unabana hewa, mafuta machache yaliyopo yanaonekana mengi. Dalili zote zilikuwa zinasema kitu kimoja, na sisi tukanunua koili.

Na kwa nini alimwangalia vibaya Ba'mdogo. Kwa sababu tu-stroki oili yake imo ndani ya petroli, haina oili pengine. Ikikosa mafuta imekosa na oili. Mtu anayeendesha wiki nzima mashine yenye njaa kwa kuibembeleza na choki anaikausha pistoni na kuta za silinda, na mwisho wake ni kukwaruzika au kuganda kabisa, na hapo yule fundi wa tatu atakuwa amesema kweli.

Kipimo cha kwanza alichotupa hakikuwa na spana. Akasema nendeni mkaazime tangi la mwenzenu pamoja na mpira wake, mashine ambayo inaenda vizuri, mfunge kwenye yenu mtoke. Basi. Tukaazima kwa jirani, tukatoka nayo nusu saa mafuta yote wazi, haikulegea hata mara moja. Nusu saa na petroli lita chache za watu, na nusu nzima ya mashaka ikaondoka, kwa sababu sasa unajua tatizo liko kati ya kifuniko cha tangi na kile kiungio kinachoingia kwenye mashine. Ukirudi nyuma ukitafuta kwenye koili ni ubishi wako mwenyewe.

Sehemu iliyobaki ni ndogo, tukaiendea kipande kwa kipande. Kile kiskrubu cha hewa juu ya kifuniko cha tangi, kimefunguliwa? Kimefunguliwa, lakini kitobo chenyewe kilikuwa nusu kimeziba kwa chumvi na vumbi, tangi haliwezi kuvuta hewa vizuri, mafuta yanatoka kwa shida. Tukakizibua. Tukamimina petroli ya tangi kwenye chupa ya kioo tukaiacha ikae. Baada ya robo saa chini kuna kitu kinatembea peke yake, kimejitenga, maji, kidole kizima. Maji ni mazito kuliko petroli, yanakaa chini, na bomba la kuvutia ndani ya tangi linavutia chini huko huko. Mvua, ukungu wa usiku kwenye tangi lililobaki nusu, dumu lililooshwa halikukauka, ndo yanakoingilia.

Halafu mpira wenyewe. Kwa nje mzuri kabisa, hauna ufa. Tukakata kipande karibu na pampu ya mkono, nikachungulia, ile ngozi ya ndani imebabuka. Imeachana na mpira wa nje, inaning'inia ndani kama ulimi. Ukiwa unaenda polepole mafuta yanapita pembeni, mashine ikivuta kwa nguvu ule ulimi unafuata mvuto unaziba njia. Ndo dakika kumi zetu hizo. Mpira mpya wa mafuta, pampu ya mkono mpya, na oringi za viungio, vyote kwa pamoja havikufika hata robo ya bei ya ile koili. Babu akatuambia tuweke kipande kifupi cha mpira unaoonyesha, wa kupitisha mafuta, karibu na mashine kwa siku ya majaribio tu, tuangalie kama kuna mapovu, maana kiungio kikilegea upande wa kuvuta hakivuji petroli nje, kinaingiza hewa ndani, na hewa huwezi kuiona bila kuangalia. Mapovu hayakuwepo.

Tungeishia hapo na wengi wanaishia hapo. Mashine sasa haizimi, kila mtu anafurahi. Lakini alivyochomoa plagi babu hakufurahi. Ya juu ilikuwa imepauka, nyeupe nyeupe, hiyo tulijua ni ile njaa ya mafuta, mwako ulikuwa mkavu na wa moto sana. Ya chini ilikuwa safi. Safi kama imeoshwa, na pembeni kuna kitone kimoja. Nilidhani ni habari njema. Kumbe plagi inayofanya kazi haiwi safi hivyo, inatakiwa iwe na rangi ya karanga iliyokaangwa, kahawia kavu. Iliyooshwa maana yake kuna mvuke unaiosha, yaani maji yanaingia ndani ya silinda.

Akatutuma geji ya kompresheni, ya kupima mgandamizo ndani ya silinda, tukaazima kwa fundi bodaboda. Namna ya kupima: plagi zote mbili nje, kofia za plagi zimegusishwa kwenye chuma cha mashine ili moto usipotee hovyo ukaharibu kile kiboksi cha CDI kinachotoa umeme wa plagi, mkono wa mafuta wazi kabisa, unavuta kamba mara tano kwa nguvu zile zile. Silinda ya juu ikasoma 95. Ya chini 65. Namba yenyewe inategemea geji na mashine, lakini silinda mbili za mashine moja hazitakiwi kutofautiana hivyo, zikipishana zaidi ya sehemu moja ya kumi hivi jua kuna kitu. Halafu akaniambia nidondoshe oili kidogo sana kwenye silinda ya chini nipime tena. Oili inaziba kwenye ringi za pistoni kwa muda mfupi, kwa hiyo namba ikipanda sana ringi zimechoka, ikikaa pale pale pumzi inatokea juu. Ikakaa 65 na kidogo. Gasketi ya hedi, ile ya kuziba kati ya silinda na kifuniko chake cha juu.

Kufungua hedi ndo kazi iliyotula siku mbili, na sina uzuri wa kuisimulia. Bolti za chuma ndani ya aluminiamu na chumvi ya miaka ishirini, zimeshikana kama zimechomelewa. Usivute kwa hasira. Tulipaka mafuta ya kulegeza kutu, tukaacha usiku, asubuhi tukapasha moto pembeni mwa bolti, petroli ikiwa mbali, tangi likiwa mbali zaidi, tukagonga kidogo kidogo, na bado moja ilikatika na kuitoboa ilikuwa nusu siku. Ndani njia za maji zimejaa chumvi na udongo mgumu kama tofali, na gasketi imeungua mahali padogo tu, kama upana wa kucha, kati ya silinda ya chini na njia ya maji. Hedi tuliisawazisha kwa msasa uliolazwa juu ya kioo, unazungusha taratibu mpaka iwe na rangi moja yote. Gasketi mpya, bolti kwa kupishana msalaba, kidogo, halafu tena, halafu tena, sio unakaza moja mpaka mwisho unaenda nyingine.

Kwa nini iliungua? Hapa ndo nilikuwa nataka kufika siku zote. Ba'mdogo alisema mashine inakojoa, kile kitobo cha pembeni kinatoa maji, kwa hiyo haichemki. Ilikuwa inakojoa lakini kama mtoto, uzi mwembamba. Tukashusha mguu, ile sehemu ya chini ya mashine, tukatoa impela, kile kigurudumu cha mpira kinachosukuma maji ya kupoza, mapezi yake yamelala upande mmoja yamekakamaa hayarudi, na ile sahani ya chini yake ina mikwaruzo ya mchanga. Na sababu yake kwetu Pangani inajulikana ila watu hawapendi kuisikia. Watu wanaamini ukirudi mtoni umeshaiosha mashine, si maji baridi yale, yasiyo na chumvi. Yale maji sio baridi hivyo, bahari ikijaa inapanda mtoni mbali, na hata yakiwa hayana chumvi yana tope, mto unakuja mwekundu kipindi cha mvua, umebeba udongo kutoka juu huko kote. Unaivutisha mashine udongo kila siku ukidhani unaisafisha. Impela inalika, maji yanapungua, udongo unajaa kwenye njia, silinda zinapata joto, gasketi inaungua. Sasa tuna pipa la plastiki nyuma ya nyumba, maji ya kisima, kila ikirudi inakaa mle inaunguruma dakika kumi. Ba'mdogo alilalamika wiki ya kwanza. Sasa hivi yeye ndo anamfokea kijana asipojaza pipa.

La mafuta na oili niliseme haraka. Ba'mdogo alikuwa anakisia kwa jicho, kifuniko na nusu kwa dumu. Mashine yetu inataka moja kwa hamsini, yaani petroli lita 20 oili mililita 400, na ya kwako angalia kitabu chake kwa sababu za zamani zinatofautiana. Kidogo inaua. Nyingi nayo sio ulinzi, inatoa moshi, inachafua plagi, na inapunguza petroli yenyewe kwenye mchanganyiko. Na petroli ya madumu uijaribu kabla hujatia oili: dondosha kwenye karatasi nyeupe, petroli safi inakauka inaondoka, ikiwa ina mafuta ya taa inaacha doa la mafuta. Serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa mwaka 2011 kuzuia huo uchakachuaji, ila mimi doa nimeliona kwa macho yangu mwaka huu. Zipo mashine zilizotengenezwa kutumia mafuta ya taa, hii yetu sio mojawapo, ikila yanawaka vibaya, inagonga na inajaa masizi.

Jeti za kabureta, vile vitundu vya kupitishia mafuta, tulizisafisha mwisho, na babu alikataza waya wa chuma kabisa, unapanua tundu na likishapanuka halirudi. Akatoa kipande cha mshipi wa nailoni wa kuvulia, mwembamba, akaupitisha. Mshipi tunao kila nyumba na sijawahi kuufikiria hivyo.

Kilichonikaa zaidi ni kwamba alitukataza kubadilisha vitu viwili kwa wakati mmoja. Mpira, jaribu. Gasketi, jaribu. Impela, jaribu. Tulikuwa tunataka kufunga vyote tumalize, maana kila jaribio ni petroli na ni siku, lakini ukifunga vyote ikapona hujui kilichoiponya, na ikiugua kwingine hujui umeharibu nini. Koili ya zamani tuliyoitoa tuliirudisha siku moja makusudi, kwa kutaka kujua tu. Inafanya kazi vizuri kabisa. Sasa ni spea, iko kwenye dumu kavu na gundi ya mpira juu ya kifuniko.

Jumamosi ya kwanza ya Machi tulienda mpaka Maziwe. Maji makavu, kile kisiwa cha mchanga kimetoka chote, saa nzima na zaidi ya mashine bila kubonyeza kitu. Pale kwenye mchanga nilichomoa plagi zote mbili zikiwa bado za moto nikaziweka kwenye kitambaa kiganjani, Ba'mdogo akasogea akaangalia, rangi moja, karanga na karanga. Akasema tu, baba yako angekaa hapa azitazame mpaka jua lizame. Wakati wa kurudi tulipita fungu maji yakiwa yanajaa, na bado mkono wangu ulikuwa juu ya ile pampu, sikuubonyeza, ulikuwa umekaa tu pale.

Jana amenipigia simu. Amefungua skrubu ya oili ya gia chini ya mguu, imetoka nyeupe kama tui. Maji yameingia, sili, yaani kile kipira cha kuzuia maji, ya shafti ya propela au ya skrubu zenyewe, na mshipi wa kuvulia ukijisokota nyuma ya propela unaikata ile sili vizuri sana. Nimemwambia asiagize kitu. Tunasubiri bamvua, boti ikae kavu, tushushe mguu tuangalie kwanza kama kuna mshipi.